Gita la Besi: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoshika besi kweli: wa bendi za kanisa, wa rumba ya wikendi pale Kondele, wa benga ya harusi na matanga kuanzia Siaya hadi Homa Bay, na wanafunzi wa Kakamega na Nakuru ambao ndio kwanza vidole vyao vinaota sugu. Palipo na kipimo nimekitaja. Palipo na maoni yangu tu, nimesema ni maoni.

Nianze na gita gani?

Anza na gita la nyuzi nne lenye shingo iliyonyooka na freti (vile vipande vya chuma vinavyovuka shingo) zisizokwaruza mkono. Jina lililo kichwani lije baadaye. Wengi huanza na Yamaha za aina ya TRBX, Ibanez za GSR, au Squier ambayo ni chapa ya bei nafuu ya Fender, na zote tatu zinaweza kupanda jukwaani zikishasetiwa vizuri. Ninachokiona sana ni mtu kumaliza pesa zote kwenye gita, kisha akakosa kebo ya maana, mkanda na tuna, kile kifaa cha kupangia sauti za nyuzi. Besi nyingi huwa na uzito wa kilo nne hivi, na mkanda mwembamba utakukata bega kabla ibada haijafika kwenye sadaka. Tenga pia pesa za fundi wa kuliseti. Gita la bei ya chini lililopita mikononi mwa fundi hupigika vizuri kuliko la bei ghali lililotolewa tu kwenye boksi.

Nyuzi nne au tano?

Ukipiga kanisani ambako mpiga kinanda hupandisha na kushusha ufunguo apendavyo, uzi wa tano utakusaidia: wimbo ukihamia D au E flati, noti ya chini unayo. Ukipiga benga na rumba, nne zinatosha kabisa, na sehemu kubwa ya rekodi tunazozipenda zilipigwa kwa nne. Kumbuka pia kwamba uzi wa B ya chini hutetema kama mara 31 kwa sekunde, na spika nyingi za kumbi zetu haziwezi kuitoa noti hiyo. Utaisikia kwenye tumbo la gita lakini watu waliokaa nyuma hawataisikia.

Precision na Jazz zinatofautianaje?

Hizi ndizo besi mbili ambazo karibu kila kiwanda duniani huziiga, na zote zilitoka kwa Leo Fender huko California. Precision ilitoka mwaka 1951, na mwaka 1957 ikapata ile pikapu iliyogawanyika vipande viwili ambayo tunaitambua mpaka leo. Pikapu ni zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, zinazogeuza mtetemo kuwa umeme. Kwa sababu vipande viwili vya Precision vimepangwa kinyume, mvumo wa stima hujifuta wenyewe. Sauti yake ni moja: nene, iliyokaa katikati, isiyopotea magita yote yakiingia.

Jazz ilikuja mwaka 1960. Ina pikapu mbili, na shingo yake ni nyembamba zaidi upande wa nati, kile kipande kinachoshika nyuzi karibu na kichwa. Ukifungua sauti ya pikapu zote mbili hadi mwisho, mvumo hukatika. Ukipunguza moja, mvumo hurudi, hasa ukikaa karibu na taa za mrija. Pikapu ya nyuma ikiwa peke yake hutoa sauti kavu yenye kunguruma, na hiyo ndiyo huwavuta wengi. Zikiwa zote mbili, sauti husafika lakini katikati hupungua kidogo.

Kwa maoni yangu, mtu mwenye bendi ya magita matatu na tarumbeta achukue Precision. Mtu anayepiga na kinanda na ngoma tu atafurahia Jazz zaidi, kwa kuwa ana nafasi ya kusikika.

Gita lenye betri lina faida gani?

Ndani yake kuna ampu (kikuza sauti) ndogo inayokuwezesha kuongeza au kupunguza besi na treble ukiwa umelishika, na kuisukuma sauti kwenye kebo ndefu bila kufifia. Music Man StingRay ya mwaka 1976 ndiyo iliyoutangaza mtindo huu. Nyingi hutumia betri ya volti 9, na betri hiyo huendelea kuliwa muda wote kebo ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi. Chomoa. Ukisikia sauti inaanza kupasuka katikati ya wimbo, betri imekwisha.

Toni nzuri inatoka wapi hasa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine yote, kwa kawaida na mtu anayetaka kutajiwa kifaa cha kununua. Jibu langu halibadiliki: toni ya besi ni mahali unapoukwanyua uzi, nguvu ya kidole chako, na muda unaoiacha noti iishi. Vifaa vinakuja baada ya hayo matatu.

Anza na mahali. Kwanyua uzi karibu na shingo, sauti itakuwa nene na laini. Sogea hadi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, uzi uleule na noti ileile itakuwa kavu, kali, yenye kuuma. Umbali wa sentimita chache hubadilisha sauti kuliko kuzungusha nobu ya toni nzima. Wapigaji wengi hukita dole gumba juu ya pikapu na kubaki hapo maisha yao yote. Ling'oe. Mstari mmoja upige karibu na shingo, kiitikio kipige nyuma, uone bendi inavyobadilika bila mtu kugusa miksa.

Muda wa noti ndio watu wanaousahau. Chukua uzi wa A, freti ya tano, piga noti moja kwa kila pigo la kiki, ile ngoma kubwa ya mguu. Mara ya kwanza iache ivume hadi noti inayofuata. Mara ya pili ikate kwa kulegeza kidole cha kushoto kabla ya sneri, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kulia. Rekodi zote mbili kwa simu. Ile ya pili itaonekana kuwa na nguvu zaidi, ingawa umepiga kwa nguvu ileile, kwa sababu ngoma imepata nafasi ya kupumua. Kunyamaza kwa besi ni sehemu ya wimbo.

Kuna na jambo la sikio. Uzi wa E ulio wazi hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu, na ile ndogo ya redio ya matatu, haiwezi kutoa mtetemo wa chini hivyo. Msikilizaji husikia sauti za juu zaidi zinazozaliwa ndani ya noti hiyohiyo, kisha ubongo wake hujaza ile ya chini. Kwa hiyo mtu anayeongeza besi yote na kukata katikati yote kwenye ampu yake anafurahi akiwa peke yake nyumbani, lakini akiingia kwenye bendi anapotea. Sauti ya besi inayotambulika inakaa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 na 1,000 hivi. Hapo ndipo penye maneno.

Nitapataje sauti ya besi ya benga?

Benga ilizaliwa Nyanza, na magita yake yalijifunza kutoka kwa nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake pia hugonga ubao kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini besi ya benga haikai nyuma ikisubiri. Inarukaruka, inajibu gita la solo, inakatiza, na mara nyingi ndiyo inayoubeba wimbo wakati waimbaji wamenyamaza na magita yamepewa uwanja. Kiki hugonga kila pigo, moja hadi nne, ndipo besi ikapata uhuru wa kuzungumza katikati.

Tazama mkono wa kulia wa mzee anayeijua kazi hii. Ukingo wa kiganja umelala juu ya daraja, umeegemea nyuzi kidogo tu. Dole gumba linashuka, kidole cha shahada kinapanda, na kila noti inakufa karibu papo hapo inapozaliwa. Mkono wa kushoto haukandamizi kwa muda mrefu. Unagusa na kuachia. Noti zinakuja kavu, fupi, zimehesabika. Mtu aliyezoea kuacha besi ivume kanisani atahitaji wiki kadhaa kuuzoea mkono huo.

Njia ya mkato ipo na ni halali. Kata kipande cha sponji ya godoro chenye upana wa sentimita mbili, urefu wa kutosha nyuzi zote, ukisukume chini ya nyuzi pale mbele ya daraja. Kiguse nyuzi bila kuziinua. Kikizidi unene, noti itageuka kuwa mgongo wa sufuria na tuni itapanda. Punguza kwa mkasi hadi usikie mlio mfupi lakini wenye jina. Kwenye ampu, shusha kidogo yale ya chini kabisa, inua katikati, na treble iache nusu.

Kisha sikiliza. D.O. Misiani na Shirati Jazz ndio mlango wa kwanza. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, mwaka 1940, na akafariki kwenye ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006. Baada yake nenda kwa Victoria Kings, kwa George Ramogi, na kwa Okatch Biggy na Heka Heka ya miaka ya 1990. Usikimbilie gita kwanza. Imba mstari wa besi kwa mdomo hadi uushike, kwa sababu mistari mingi inafuata silabi za Dholuo, na asiyesikia maneno hupiga noti sahihi mahali pasipo sahihi. Hayo ni maoni yangu, ila nimeona vijana wakibadilika siku walipoanza kuimba kabla ya kupiga.

Na rumba je?

Rumba ina nyumba mbili. Kwenye beti za polepole, besi hutembea kwa noti chache zenye uzito, ikiacha mapengo ambayo mgeni hutamani kuyajaza. Usiyajaze. Sebene, ile sehemu ya kasi ya magita na kucheza, likifunguka, mkono hubadilika: dole gumba na shahada hupokezana, sauti inakuwa ya kugonga, na mstari mmoja mfupi unarudiwa bila kuchoka huku magita yakisukana juu yake. Msikilize Decca Mpudi wa TPOK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, kwa nyumba ya kwanza, na Ngouma Lokito wa Soukous Stars kwa ya pili.

Na kabla ya wote hao, msikilize Tom Malanga wa Les Wanyika, bendi iliyojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 jijini Nairobi. Besi yake kwenye "Sina Makosa" inatambulika kabla mtu hajaimba neno. Mpe mpiga besi yeyote wa Kisumu gita, subiri, na mapema sana utausikia mstari huo. Hauna kasi wala maonyesho. Kila noti iko mahali pake na imekatwa kwa wakati wake, na huo ndio ugumu wake.

Nitumie nyuzi gani, na nizibadilishe lini?

Seti ya kawaida ya nyuzi nne huandikwa 45 hadi 105, yaani unene wa uzi kwa sehemu za elfu za inchi. Za nikeli ni laini kwa vidole na freti. Za chuma cha pua hulia kwa ukali zaidi. Hizo zote ni za mviringo, zenye mikwaruzo ukipitisha ukucha. Zipo pia bapa, zilizolainishwa juu, ambazo hutoa sauti nzito ya kizamani na hudumu miaka. Kwa rumba ya zamani na reggae, bapa ni chaguo zuri mno, na kwa benga zenye sponji pia.

Joto la ziwa na jasho huua nyuzi za mviringo haraka. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, juu na chini. Hilo peke yake huongeza maisha yake kuliko dawa yoyote.

Ni kweli zinaweza kuchemshwa?

Kweli. Maji yanayochemka huyeyusha mafuta na uchafu uliojificha kwenye mizunguko ya waya, na nyuzi hulia tena kama mpya kwa siku chache. Zikaushe kabisa la sivyo zitashika kutu. Kuziloweka kwenye spiriti usiku kucha hufanya kazi vizuri zaidi. Hazirudi kuwa mpya, na kila unapozifungua na kuzifunga pale kwenye vikazio zinachoka. Fanya hivyo pale ambapo seti mpya haipatikani wiki hiyo.

Nililinunua gita Nakuru likiwa sawa. Huku Kisumu nyuzi zimepanda juu. Limeharibika?

Halijaharibika. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni baridi na kavu kuliko ya hapa ziwani, ambako tuko kwenye mita 1,131 na unyevu mwingi. Mbao hunywa unyevu, shingo hujikunja kidogo mbele, nyuzi huinuka. Ukirudi nalo Nakuru wakati wa kiangazi huenda likafanya kinyume, na nyuzi zikaanza kukwaruza freti.

Pima hivi. Tuni gita kwanza. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa kiwiko au mkono wa kulia ubane pale shingo inapokutana na mwili. Sasa uzi wako umekuwa rula. Tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba: ikitosha kupitisha kadi nyembamba ya biashara, yaani milimita 0.3 hivi, shingo iko sawa. Ikiwa kubwa zaidi, nondo iliyo ndani ya shingo inahitaji kukazwa. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, ilegezwe. Tumia ufunguo wa saizi kamili, zungusha robo tu, tuni tena, upime tena. Ikigoma, acha, umpelekee fundi, kwa maana nondo iliyokatika ndani ya shingo ni msiba wa gita zima.

Usiliache gita ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa chakula cha mchana.

Ampu ya wati ngapi inatosha?

Chumbani, wati 20 hadi 40. Mazoezini na mpiga ngoma mpole, 100. Ukumbini na ngoma na magita mawili, anza kufikiria 300. Besi hula nguvu kuliko gita la solo kwa sababu sauti za chini zinahitaji kusukuma hewa nyingi. Ampeg SVT ya mwaka 1969 ilitengenezwa na wati 300 kwa ajili ya majukwaa makubwa, na kabati lake la spika nane za inchi 10 ni zito kama friji. Leo ampu ya wati hizohizo inaingia kwenye mkoba wa kompyuta.

Usidanganywe na namba, hata hivyo. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Kuongeza kabati la pili mara nyingi husikika zaidi. Hapo ndipo mambo ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) yanapoingia: makabati mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4, na ukiongeza zaidi unashuka. Soma nyuma ya ampu imeandikwa kima cha chini ni ngapi, na usikivuke.

Naweza kuchomeka besi kwenye ampu ya gita au kwenye subwufa ya nyumbani?

Kwa sauti ya chini, kwa mazoezi, ndiyo. Ukiipandisha utaichana spika, kwa kuwa haikujengwa kwa mwendo mrefu wa noti za chini.

Ndugu yangu ameniletea ampu kutoka Marekani. Niichomeke?

Usiichomeke kabla ya kusoma kibandiko cha nyuma. Stima yetu ni volti 240, ya kule ni 120. Ikiwa imeandikwa 100-240, badilisha kebo tu. Ikiwa na swichi ya kuchagua volti, igeuze kwanza. Ikiwa imeandikwa 120 pekee, unahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo uliozidi mahitaji ya ampu hiyo. Ukiikosea, ampu inaungua papo hapo.

Hata ampu ya hapa hapa iwekee kifaa cha kulinda, kama kile cha friji, ambacho husubiri stima itulie kabla ya kuiruhusu iingie. Stima inapopotea na kurudi kwa kishindo, au jenereta ya matangani inapokohoa mafuta yakiisha, ndipo ampu nyingi hufa.

Nikigusa maikrofoni kwa midomo nashtuliwa. Ni kawaida?

Hapana, na naomba swali hili lichukuliwe kwa uzito kuliko yote ya toni. Nyuzi za besi ni chuma, zimeunganishwa na ampu. Ikiwa ampu yako na miksa zinatoka kwenye soketi zisizo na ethi (waya wa kupeleka stima ardhini) nzuri, mwili wako unakuwa daraja la kupitisha stima. Acha kupiga, zima, na mwite mtu anayejua stima akague ethi ya jengo au ya jenereta. Ampu na miksa zitoke kwenye chanzo kimoja. Kamwe usikate wala usizibe pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo huondolewa kwa kisanduku cha DI, kinachounganisha gita na miksa, chenye swichi ya kukata ethi ya kebo ya sauti pekee, ambayo haigusi ulinzi wa stima.

Nimeona mwanamuziki akitupwa chini kwenye matanga yaliyokuwa na hema lililolowa mvua. Aliinuka, namshukuru Mungu, lakini wengine hawainuki.

Kanisa letu ni la mabati na besi inavuma tu, haieleweki. Tufanyeje?

Wimbi la noti ya E ya chini lina urefu wa zaidi ya mita nane, kwa hiyo linajaa ukumbi mzima, linagonga kuta na kurudi. Mabati nayo huchagua noti yanazozipenda na kutetemeka nazo. Fanya haya: toa ampu kwenye kona, kwa kuwa kona hukuza sauti za chini. Inue juu ya kiti au kreti. Punguza kwenye hezi 100 hadi 250 kwa miksa, taratibu, hadi ile noti inayopiga kelele itulie. Kata noti zako ziwe fupi. Fundi wa mitambo naye aambiwe kwa upole kwamba subwufa si kipimo cha upako. Mara nyingi kupunguza besi kunaifanya isikike.

Waumini wakijaa, sauti hubadilika tena, kwa sababu miili na nguo hunyonya. Usiseti ukumbi ukiwa mtupu kisha ukaondoka.

Pedali zipi ni za lazima?

Tuna. Baada yake, kompresa, ambayo hushusha noti kubwa na kuinua ndogo ili zilingane. Zilizobaki zinaweza kusubiri.

Ni wapigaji gani wa ng'ambo wanaostahili kusikilizwa?

James Jamerson wa Motown, lebo ya santuri ya Marekani, kwanza. Alipiga Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa nzito ambazo hakupenda kuzibadilisha, sponji chini ya kifuniko cha daraja, na kwa kidole kimoja tu cha shahada. Kwa miaka mingi jina lake halikuchapishwa kwenye santuri alizozipiga. Lilionekana kwa mara ya kwanza kwenye albamu kubwa ya Marvin Gaye mwaka 1971. Jambo hilo linanigusa kwa sababu huku kwetu ni vilevile: lebo za santuri za benga zilibeba jina la bendi au la kiongozi, na wapiga besi wengi waliotufundisha tunawajua kwa mkono wao tu. Ukikutana na mzee aliyepiga kwenye rekodi, muulize nani alishika besi, uandike jina.

Carol Kaye alikuwa mpiga gita Los Angeles aliyehamia besi mwaka 1963 mpigaji mwingine alipokosa kufika studioni. Alitumia kipiki (kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi) na kuzima nyuzi kidogo, na sauti yake ni somo kwa kila anayedhani kipiki ni cha wavivu.

Aston Barrett wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, aliyefariki mwaka 2024, alipiga Jazz lakini ukisikia utadhani ni ngurumo inayoimba. Mistari yake ni nyimbo kamili; iimbe bila magita na bado utaujua wimbo.

Larry Graham aliianzisha staili ya kugonga kwa dole gumba na kuvuta kwa shahada alipokuwa akipiga na mama yake bila mpiga ngoma. Dole gumba likawa kiki na kuvuta kukawa sneri. Marcus Miller aliichukua mbali zaidi kwa Jazz yake ya 1977.

Kwa Afrika, Richard Bona wa Kamerun ambaye huimba na kupiga kama mtu mmoja mwenye koo mbili, na Bakithi Kumalo wa Soweto. Kumalo ndiye aliyepiga besi isiyo na freti kwenye "Graceland" ya Paul Simon mwaka 1986. Kile kipande chake kifupi kinachowashinda wengi kuiga kwenye "You Can Call Me Al" kina siri: nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa nyuma mbele studioni.

Nataka kung'oa freti zangu kama Jaco. Unashauri nini?

Jaco Pastorius, aliyeishi kuanzia 1951 hadi 1987, alikuwa na Jazz ya mwaka 1962 isiyo na freti, akajaza mianya na kuupaka ubao wa shingo epoksi ya mashua ili nyuzi za mviringo zisiule. Sauti yake ya kuimba inatoka pikapu ya nyuma, vidole karibu na daraja, na sikio lililo sahihi ajabu. Usianze na gita lako pekee. Tafuta la pili, la bei ndogo, na ufanye mazoezi ukiwa na droni ya noti moja inayolia kwenye simu. Bila freti, kidole kikiwa milimita chache nje, ukumbi wote unajua.

Ohangla (muziki wa Waluo) ya siku hizi inapigiwa besi kwa kinanda. Kuna haja ya gita la besi tena?

Ipo. Mpiga kinanda mwenye mkono mzuri wa kushoto anafanya kazi ngumu, na bendi ya watu watatu inaingia kwenye gari moja na kulipwa vizuri zaidi kwa kila mmoja. Simlaumu mtu. Lakini kinanda hakitelezi kutoka noti hadi noti kama kidole juu ya uzi, hakina ile noti iliyokufa isiyo na jina inayosukuma mdundo, na hakibadiliki rangi mkono unaposogea. Kwenye harusi ambako kinanda na besi vimekaa pamoja, angalia miguu ya wachezaji besi inapoingia.

Na wapigaji wa Uluhyani wana hazina yao ya kuchota: dole gumba la omutibo (mtindo wa gita wa Waluhya) ya George Mukabi, ambalo lilipiga besi na melodi kwenye gita moja la kawaida, na ngoma tatu za isukuti, ambazo mchezo wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma kubwa ya isukuti ni mstari wa besi tayari. Uhamishie kwenye uzi wa E na A uone.

Nikinunua mtumba, nikague nini?

Tazama shingo kutoka kichwani kuelekea darajani, kwa jicho moja: mkunjo mdogo hurekebishika, kupinda kama skrubu hakurekebishiki. Piga kila freti ya kila uzi, pole pole, ukisikiliza noti inayokufa. Uliza kama nondo inazunguka, na uijaribu mbele ya muuzaji. Chomeka, zungusha nobu zote. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, ukimya ni waya uliokatika. Tikisa jeki, pale kebo inapoingia. Linganisha harmoniki (mlio wa uzi ukiguswa tu bila kukandamizwa) ya freti ya 12 na noti ya freti ya 12. Zikiachana sana na daraja limeshafika mwisho wake, liache.

Binti yangu ana miaka tisa na mikono haifiki freti ya kwanza.

Besi ya kawaida ina inchi 34 kutoka nati hadi daraja, kama sentimita 86. Mtafutie fupi ya inchi 30. Si kitu cha watoto peke yao: Höfner 500/1 ya Paul McCartney ni fupi, na hakuna aliyewahi kumwambia akue kwanza. Nyuzi zake ziwe za urefu huo, kwa maana seti ndefu ikikatwa mahali penye unene inafumuka. Akae kitini, gita likae pajani, aanzie freti ya tano ambako nafasi ni ndogo, ashuke kadiri mkono unavyokua.